Kabla Hujaiamini Orodha ya Shule Bora

Kila matokeo yakitoka, wazazi huniletea orodha ya shule za sekondari za umma za eneo lao wakitaka niwaambie ipi ni bora. Kwa kuwa kazi yangu ni kuchambua takwimu za mitihani, hutarajia niguse jina la juu. Mimi huwauliza kwanza: walioanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi?

Chukua shule mbili za mfano, kila moja ikiwa imepokea wanafunzi 200. Ya kwanza ilifikisha 140 kwenye mtihani wa mwisho, wakafaulu 126. Hiyo ni asilimia 90, na pongezi zinamiminika. Ya pili ilifikisha 190, wakafaulu 152, yaani asilimia 80. Sasa rudi kwa wale 200 wa mwanzo: shule ya kwanza imevusha asilimia 63, ya pili asilimia 76. Wale 60 waliopungua wako wapi? Wapo waliohama na wazazi wao, sikatai. Lakini zipo shule zinazomkaririsha darasa mwanafunzi dhaifu, au kumwita mzazi na kumshauri kwa upole amtafutie mwanawe “shule itakayomfaa”, muda mfupi kabla ya usajili wa watahiniwa. Orodha haiwajui hao.

Hata waliobaki hawakuanza sawa. Shule inayochagua vinara wa darasa la mwisho la msingi itatoa alama nzuri hata walimu wake wakizembea kidogo. Uingereza ilianza kuchapisha matokeo ya kila shule mwaka 1992, na mwaka 2016 ikaleta kipimo cha Progress 8, kinachomlinganisha mwanafunzi na wenzake wa nchi nzima waliomaliza msingi wakiwa na kiwango kama chake. Kina lawama zake, hasa kwamba hakijali hali ya nyumbani, ila nakiamini kuliko wastani mtupu. Pasipo na kipimo cha namna hiyo, weka alama za kuingilia kando ya za kutokea, utaona mengi.

Halafu kuna ukubwa wa shule. Miaka ya 2000 huko Marekani, Wakfu wa Gates ulimwaga fedha nyingi kuanzisha shule ndogo, kwa kuwa zilionekana kujaa kileleni. Mtakwimu Howard Wainer alionyesha kwamba zilijaa mkiani vilevile. Penye watahiniwa 25, kila mmoja ana uzito wa asilimia 4. Watoto wawili wakiamka na homa siku ya hesabu, ufaulu wa somo hilo unaweza kushuka kwa asilimia 8. Ndiyo maana matokeo ya mwaka mmoja siyasomi peke yake. Angalau matatu, matano yakipatikana.

Ukishabakiwa na shule mbili tatu, nenda. Jengo lisikubabaishe. Omba daftari la hesabu la mwanafunzi wa katikati, maana la kinara ndilo wanalopenda kukuonyesha. Tazama tarehe ya sahihisho la mwisho, kisha uone kama mwalimu alipiga mkasi akapita, au aliandika mstari gani ulikosewa. Na kwa mwalimu wa taaluma usiulize “mna walimu wangapi?” Uliza nani anafundisha fizikia kidato cha tatu, na tangu lini.