Nguruwe 60 wa kuwindwa hawanipi jibu

Wiki hii nimeambiwa tena: "Daktari, tumepima nguruwe mwitu 60 waliowindwa, wote hasi. Kwetu homa ya nguruwe ya Afrika haipo." Jamani, hapana!

Hiyo 60 ni hesabu halali ya swali jingine. Ukipima wanyama 60 waliochaguliwa bila upendeleo, utaunasa ugonjwa kwa uhakika wa asilimia 95, ikiwa angalau asilimia 5 yao wanao. Homa ya nguruwe ya Afrika haifiki huko kwa walio hai. Inaua karibu kila inayempata, na upesi, kwa hiyo wagonjwa wanaotembea ni wachache mno. Wakiwa asilimia 1, uwezekano wa wote 60 kutoka hasi unazidi nusu. Kingamwili, yaani kinga ambayo mwili huitengeneza dhidi ya ugonjwa na sisi huitafuta kwenye damu, nazo huchukua kama wiki kuonekana. Wengi wanakufa mapema.

Halafu, nani kasema mwindaji hana upendeleo? Anampiga aliyetoka kichakani kutafuta chakula. Mwenye homa kalala kwenye tope karibu na maji, hana nguvu ya kuinuka.

Mzoga ndio wenye habari. Zlín, Ucheki, mwaka 2017. Fagersta, Uswidi, mwaka 2023: kote huko ugonjwa ulijulikana kwa nguruwe waliokutwa wamekufa. Wala msiniambie "umeshaoza". Funza wakishamaliza nyama, vunja mfupa wa paja, chota uboho, peleka maabara kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi. Niliwahi kuokota mfupa mkavu kama kuni. Nilipoupasua, ndani uboho ulikuwa bado na unyevu, rangi ya kutu. Jibu lilirudi chanya. Tangu siku hiyo sipiti mfupa msituni bila kuinama.

Kinachoninyima usingizi ni mizoga isiyoripotiwa. Anayepiga simu huenda akafungiwa msitu kesho yake. Aliyenyamaza anaendelea kuwinda. Tunamwadhibu msema kweli, kisha tunashangaa simu hazilii. Mlipeni aliyeuona mzoga, na mumpigie kumweleza majibu, hata yakiwa hasi.

Na hata wakiripoti wote, kuna vichaka visivyopitika. Ripoti ikisema "mizoga 0", huwa siwezi kujua kama hakuna kilichokufa au hakuna aliyeingia. Ndiyo maana kando ya hiyo 0 nadai ziandikwe kilomita zilizotembewa, na majina ya vichaka vilivyorukwa.