Usimlazimishe Mtoto Kukiri Ili Aepuke Mahakama

Tangu Sheria ya Watoto ya 2022 ianze kutumika nchini Kenya, wazazi wengi huja katika ofisi zetu za probesheni, yaani za uangalizi wa wakosaji nje ya jela, na swali lile lile: "Afisa, ni pesa ngapi ili kijana asifikishwe kortini?" Hakuna. Daivesheni, yaani kushughulikia kosa la mtoto nje ya mkondo wa kesi, haina ada, na anayekudai hela anakuibia.

Hilo la pesa tumelizoea. Linaloudhi zaidi ni mzazi anayemkoromea mtoto pale kituoni: "Sema tu ulichukua hiyo simu, twende nyumbani." Daivesheni ni ya mtoto anayekubali kwa hiari yake kwamba alikosea, akijua ana haki ya kunyamaza, na ushahidi wa kumshtaki uwepo. Faili lisilo na ushahidi halitafutiwi masharti, mtoto huachiliwa. Naye anayesema hakufanya, hata majirani wote wakimnyooshea kidole, ana haki ya kusikizwa na mahakama ya watoto. Kumnyima hiyo si kumsaidia.

Njoo na cheti cha kuzaliwa. Aliye chini ya miaka 12 hawajibiki kijinai kabisa, kwa hiyo hana cha kuepushwa. Aliye na 12 ila hajafika 14 huchukuliwa kuwa hajaweza kupambanua jema na baya, mpaka mahakama iridhike vinginevyo. Bila cheti, itabidi umri ukadiriwe hospitalini, na siku zinapita.

Idhini hutoka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kupitia viongozi wake wa mashtaka. Haitoki kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, haitoki kwa chifu, wala haitoki kwetu. Sisi huombwa ripoti. Afisa wa probesheni atafika nyumbani, azungumze na mwalimu, chifu na mlalamishi, aulize mtoto analala wapi na hurudi saa ngapi. Tafadhali usituambie anaishi kwa nyanya ilhali yuko kwa shangazi, tunafika kote. Ndipo masharti hupendekezwa: kuomba msamaha, kurudisha kilichochukuliwa, kuhudhuria shule, ushauri nasaha, kuripoti ofisini. Mzazi naye sharti aridhie.

Mtaani watasema, "Ameachiliwa." Hajaachiliwa. Akiyapuuza masharti anaweza kuitwa ajieleze, na mashtaka yale yale yakaendelea. Akiyatimiza, kosa hilo halimwekei rekodi ya jinai, nasi hufunga faili kwa ripoti ya mwisho inayopelekwa kwa kiongozi wa mashtaka.

Siku ya kuripoti ikigongana na mtihani, tujulishe mapema ili tarehe ibadilishwe. Mkihamia kaunti nyingine, semeni kabla ya kufunga mizigo, faili lipelekwe ofisi ya huko. Msiposema, afisa ataandika alichokiona: mtoto hakufika.