Mzizi wa jino unaishia wapi? Maswali kuhusu kimashine kinacholia "pii"

Mama mmoja anayeuza viazi Uyole alinionyesha kadi yake ya matibabu. Pembeni ameandikiwa 20, 19.5, 21, kisha kwa kalamu nyingine, 18.5. "Daktari, hizi ndizo bei?" Hapana mama, si bei. Ni urefu, kwa milimita, wa njia nne zilizomo ndani ya gego lake moja la juu, uliopimwa kwa kimashine cha umeme kinacholia kikikaribia mwisho wa mzizi. Maswali yanayofuata ni yake na ya wengine wanaokuja kutibiwa mzizi, au kama wengi wanavyosema, "kuua mshipa".

Kwa nini mpime? Si mchimbe tu mpaka mwisho?

Huo mwisho ndio wenye kazi. Ndani ya jino kuna nyama laini, kiini, chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini hushuka ndani ya mzizi kwa njia nyembamba. Jino likioza mpaka kiini kikafa, tunakitoa, tunaosha njia hiyo na kuiziba. Karibu na ncha ya mzizi njia inabanwa kidogo kama shingo ya kibuyu, halafu inafunguka kuelekea kwenye mfupa. Shingo hiyo mara nyingi iko nusu milimita hadi milimita moja kabla ya tundu la kutokea, na kazi yetu inatakiwa iishie hapo.

Tukiishia juu sana, nyama iliyooza inabaki na wadudu wake, na baada ya miezi jipu linarudi. Tukipitiliza, sindano ya kusafishia njia inachoma nyama hai iliyo nje ya mzizi na kuisukumia uchafu. Kibaya zaidi ni dawa ya kuoshea, sodiamu haipokloraiti, ambayo ni ya jamii moja na jiki. Ikivuka mzizi inaunguza, na mtu anaweza kuvimba uso saa hiyo hiyo akiwa bado kwenye kiti. Nusu milimita tunayoigombania ni kama unene wa ukucha wako.

Lakini nilipigwa eksirei. Haikuonyesha?

Ilionyesha ncha ya mzizi. Tundu la kutokea ni jambo jingine. Watu wengi hudhani tundu liko pale pale nchani, kumbe mara nyingi limetokea ubavuni, juu kidogo ya ncha. Picha ni bapa: tundu likiwa upande wa mbele au wa nyuma wa mzizi, halionekani. Sindano inaweza kuonekana bado haijafika nchani kumbe imeshatoka nje. Kwa magego ya juu kuna shida nyingine, mfupa wa shavu huangukia juu ya mizizi ukaifunika.

Hata hivyo simwambii mtu aache picha. Picha ya mwanzo inatuambia mizizi ni mingapi na imepinda wapi, na ya mwisho inaonyesha kama tumeziba vizuri. Kimashine kinapunguza picha za katikati, ambazo zamani tulizirudia mpaka mgonjwa akachoka.

Hicho kimashine kinajuaje?

Umewahi kuteka maji kwenye kisima kirefu? Maji huyaoni, lakini kamba ikilegea mkononi unajua ndoo imegusa. Sisi kamba yetu ni umeme mdogo sana. Kindoano cha chuma kinaning'inizwa pembeni mwa mdomo. Waya wa pili unashika kisindano chembamba kiitwacho faili, ambacho daktari anakishusha ndani ya jino polepole. Kuta za mzizi hazipitishi umeme vizuri, ila nyama iliyo nje ya tundu inapitisha. Ncha ya faili inapoikaribia nyama hiyo, kimashine kinatambua.

Wajapani ndio walioifikisha mbali kazi hii. Mwaka 1942 Suzuki aligundua kwamba ukinzani wa umeme, yaani kiasi umeme unavyozuiwa kupita, kati ya ngozi laini ya mdomo na utando unaoshika mzizi haubadilikibadiliki, na mwaka 1962 Sunada akautumia kupima meno ya watu. Ukinzani huo ni kama kilo-omu 6.5 (omu ni kipimo cha ukinzani). Vimashine vya zamani vilikuwa na ila moja: damu au maji yakijaa kwenye njia, vilichanganyikiwa. Miaka ya 1990 Kobayashi na Suda walikuja na njia ya kutumia mawimbi mawili ya umeme kwa pamoja, kwa mfano ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 400 na 8,000, na kulinganisha uwiano wake. Ndiyo maana vya siku hizi vinasoma hata njia ikiwa na maji.

Kwenye kioo cha kimashine utaona vijistari vinashuka, na mlio unakazana: pii... pii.. pii. Kuna kosa ambalo hata sisi wenye fani hulifanya. Kioo kikiandika 0.5 hakimaanishi kwamba imebaki nusu milimita kamili, ni alama tu ya ukaribu. Namba ya kuaminika zaidi ni sifuri, yaani faili imefika kwenye tundu. Ndiyo maana madaktari wengi hushuka mpaka sifuri, kisha wanarudi nyuma nusu milimita. Baada ya hapo daktari anasukuma kile kipira chekundu au cha bluu kilicho kwenye faili mpaka kiguse kilele cha jino, anaichomoa, anailaza juu ya rula. 19.5 ya yule mama ilitoka hapo.

Umeme huo hauniumizi?

Ni mdogo sana, unatoka kwenye betri, na wengi hawausikii kabisa. Hauna mionzi, kwa hiyo hata mjamzito anapimwa. Ila kama umewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, sema kabla hujakaa kwenye kiti. Watengenezaji wengi bado wanaonya kuhusu hilo.

Mbona daktari alinifuta mate mara tatu na kutoa kofia ya chuma ya jino langu?

Kwa sababu kimashine hudanganyika. Mate yakiingia kwenye shimo, umeme unapata njia ya mkato na kimashine kinalia "umefika" wakati hata nusu hujafika. Faili ikigusa kofia ya chuma, au kizibo cha rangi ya fedha, ni hivyo hivyo. Betri ikiwa dhaifu, nayo. Njia ikikauka kabisa kimashine kinaweza kukaa kimya, na daktari anarudisha dawa ya kuoshea kidogo. Wakati mwingine kinalia mapema kwa sababu ya kweli: mzizi umetoboka ubavuni au una ufa. Kikilia faili ikiwa bado juu sana, mimi sikilaumu kwanza kimashine, naangalia jino.

Nilirudi wiki iliyofuata, daktari akapima tena. Mara ya kwanza alikosea?

Pengine hakukosea. Mzizi uliopinda ukishapanuliwa, njia inanyooka na urefu unapungua kidogo. Kurudia ni umakini. Ile 18.5 ya kalamu nyingine nayo haikuwa kosa: gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, lakini mara nyingi huwa na njia ya nne iliyojificha, na ilionekana siku ya pili.

Mwanangu wa miaka minane alianguka na baiskeli, jino la mbele limekufa. Naye atapimwa hivyo?

Jino la mbele la juu huota mtoto akiwa na miaka 7 au 8, lakini mzizi hufunga nchani baadaye, kwenye miaka 10 hivi. Sasa hivi ncha yake iko wazi kama bomba, na hapo kimashine hukosea mara nyingi kwa kusoma pafupi. Kwake picha ndiyo itategemewa zaidi, na tiba yenyewe ni tofauti. Mlete mapema, mama, usisubiri uvimbe.

Ninatoka Makete. Mnaweza kumaliza siku moja?

Wakati mwingine ndiyo. Kama kuna usaha, tunaweka dawa ya kalsiamu ndani, tunaziba kwa kizibo cha muda, na unarudi. Maumivu madogo ya siku mbili tatu ukitafuna ni kawaida. Yakizidi badala ya kupungua, au uso ukivimba, usingoje tarehe ya kadi. Na gari likisimama Makambako, mahindi ya kuchoma yaache. Kizibo cha muda ni laini, na punje moja ngumu inatosha kukivunja.