Kwa nini Kilimanjaro hakuna mnyama anayelala miezi sita

Katika mafunzo ya waongoza watalii hapa Moshi, hakosekani mmoja wa kuuliza: "Mwalimu, wageni wanatubana. Huku juu kuna barafu, mbona hakuna mnyama anayelala msimu mzima kama dubu wa kwao?" Wenzake hucheka, lakini swali ni la maana, na kumjibu mgeni kwamba "hapa ni Afrika" ni kulikwepa. Nafundisha fiziolojia ya wanyama, kwa hiyo niacheni nilijibu kwa nafasi.

Mnyama mwenye damu moto ni jiko lisiloruhusiwa kuzimika. Sisi binadamu tunawaka kwenye nyuzi 37, ndege wengi karibu na 40, na kuni zetu ni chakula. Nje kukipoa, kuni zinaliwa haraka zaidi. Mdogo ndiye anayeumia, kwa sababu ukilinganisha na uzito wake ana ngozi kubwa ya kupotezea joto. Ila mnyama aliyeshiba na mwenye manyoya mazito haogopi baridi kiasi hicho: mbweha wa Aktiki hutembea juu ya theluji majira yote ya baridi wala halali. Balaa ni baridi ikija pamoja na njaa. Haibanesheni, yaani ule usingizi mrefu wa dubu na wenzake, kwanza ni dawa ya njaa. Baridi inafuata.

Ushahidi ninaoupenda uko Madagaska, jirani zetu kabisa. Kuna lemuri (jamaa wa komba) mdogo mwenye mkia mnene, ambaye wakati wa mvua hula na kujaza mafuta mkiani. Kiangazi kikifika, matunda yakaisha, hujifungia kwenye tundu la mti kwa takriban miezi saba. Watafiti walieleza habari zake mwaka 2004: ndani ya tundu hilo joto linaweza kupita nyuzi 30 mchana, na mwili wa lemuri unapanda na kushuka pamoja na hewa. Theluji hajawahi kuiona. Analala kwa sababu hakuna cha kula.

Sasa twende kwenye baridi yenyewe. Bingwa ni kindi wa ardhini wa Aktiki, huko Alaska. Mwaka 1989 mtafiti Brian Barnes alichapisha vipimo vyake: mwili wa kindi huyo akiwa shimoni ulishuka hadi nyuzi 2.9 chini ya sifuri, na damu haikuganda. Maji yanaweza kupita sifuri bila kuganda ilimradi yasipate chembe ya kuanzishia barafu, na mwili wake unaishi kwenye ukingo huo. Moyo uliokuwa ukidunda zaidi ya mara 200 kwa dakika unashuka chini ya 10. Pumzi inakuja kwa nadra.

Lakini halali mfululizo. Kila baada ya wiki mbili au tatu anajipasha moto mpaka karibu nyuzi 37, anakaa hivyo chini ya siku moja, kisha anapoa tena. Kujipasha huko ndiko kunakokula sehemu kubwa ya mafuta yake ya msimu mzima. Kwa nini apoteze akiba namna hiyo? Maelezo bado yanabishaniwa, ila kuna jambo moja linalowaacha wanafunzi wangu hoi kila mwaka: ukimwekea vipimo vya ubongo, muda mwingi wa ule wa joto anautumia kulala. Ubongo ukiwa baridi mno haupati usingizi wa kweli. Kindi anajipasha moto, analipa deni la usingizi, halafu anarudi kwenye ubaridi wake.

Joto hilo hatoi kwa kutetemeka tu. Ana mafuta ya kahawia, hasa kifuani na mabegani, yaliyojaa mitokondria, yale majiko madogo ndani ya seli, zinazochoma mafuta na kutoa joto moja kwa moja bila msuli kusogea. Mtoto mchanga wa binadamu naye anazaliwa nayo. Mtu mzima anabaki na kidogo.

Dubu mnayemsikia sana ni mpole zaidi. Mwili wake unashuka mpaka nyuzi thelathini na kitu tu, ingawa matumizi ya nishati yanafika kama robo ya kawaida. Miezi mitano hadi saba hali, hanywi, hakojoi. Urea ambayo sisi tunaitoa kwa mkojo, yeye anairudisha kuwa protini, na akiamka misuli yake bado imara. Yeyote aliyewahi kumuuguza mgonjwa aliyelala kitandani miezi miwili atajua ukubwa wa jambo hilo.

Chura wa misitu ya Amerika Kaskazini hana hata hiyo hadhi ya kupigana. Anakubali kuganda. Barafu ikigusa ngozi yake, ini linamwaga glukosi kwa wingi kwenye damu, na sukari hiyo inazilinda seli huku barafu ikijengeka nje yake. Hadi asilimia 65 ya maji ya mwili yanaweza kuganda. Moyo unasimama. Majira ya baridi yakiisha anayeyuka, moyo unaanza tena, anaruka zake.

Turudi mlimani. Mnyama wa Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, hana msimu wa miezi sita wa kuukimbia. Juu ya mita 4,000 mchana ni jua kali, usiku ni barafu, na kesho hivyo hivyo, Januari mpaka Desemba. Chakula hakipotei kwa nusu mwaka, kinapotea kwa saa kumi na mbili. Ulale msimu mzima ukisubiri nini? Ndiyo maana mbinu za huku ni za usiku mmoja mmoja. Panya milia mnaowaona wakiokota makombo kwenye kambi hutoka mchana na usiku hurudi ardhini, kwani umande wa barafu hauzami zaidi ya sentimita chache. (Hata lobelia hufunga majani yake usiku kukinga kichipukizi, lakini mimea si fani yangu.)

Ukitaka kuona jambo hili bila kupanda, tazama kuzumburu, wale ndege wa kahawia wenye kishungi na mkia mrefu wanaomaliza mapapai yetu. Usiku hujazana tawini wameshikana kama shada. Wakikaa siku kadhaa na njaa, huacha mwili upoe usiku, haibanesheni ya saa chache. Asubuhi ya Julai utawakuta wananing'inia, miguu imepanda mpaka usawa wa mabega, tumbo wamelielekeza kwenye jua. Wanapasha tumbo bure, kuni za mtu mwingine.

Kwenu mnaopandisha wageni, kilichobaki ni hiki. Moyo wa kindi unaendelea kudunda kwenye baridi kwa sababu seli zake zinajua kuidhibiti kalisi, madini yanayouwezesha moyo kujikaza, hata kwenye ubaridi huo. Wa kwetu haujui. Mwili wa binadamu ukishuka chini ya nyuzi 28 hivi, moyo unaweza kuanza kupapatika ovyo bila kusukuma damu. Na kabla ya hapo, kwenye nyuzi thelathini na mbili hivi, kutetemeka kunaanza kukoma. Mgeni aliyekuwa akitetemeka, akanyamaza, akaanza kuongea kilevi na kutaka kukaa chini "apumzike kidogo", hajapata nafuu. Hana mafuta ya kahawia ya kutosha kumrudisha. Mvue nguo zilizolowa, mfunike vikavu, mkinge na upepo, mlaze msimkimbize wala kumsugua miguu, na mpango wa kumshusha kwa machela uanze dakika hiyo hiyo, hata kama Stella Point, pale ukingoni karibu na kilele, inaonekana.