Faida ya mkusanyiko: kwa nini maduka yanabanana Kariakoo, na nani anabaki na pesa

Faida ya mkusanyiko ni nafuu anayoipata mfanyabiashara kwa kuwa karibu na wenzake, hata wanaouza bidhaa ileile. Mchumi wa Uingereza, Alfred Marshall, aliieleza mwaka 1890 akitazama viwanda vilivyojazana sehemu moja: mafundi hawakosekani, wauza malighafi wako jirani, na ujuzi unaenea upesi.

Nenda Kariakoo, Dar es Salaam. Anayetaka simu anaelekezwa Mtaa wa Aggrey, ambako maduka yamepangana ukuta kwa ukuta, na bado watu wanauza. Mchuuzi wa Lubumbashi au Lusaka hafungi safari ndefu kwa ajili ya duka moja. Anakuja kwa sababu atalinganisha bei, atakusanya mzigo wote sehemu moja, na wa kumsafirishia hayuko mbali. Yule unayemwita mshindani ndiye amekuletea mteja. Ukiishiwa bidhaa, unakimbilia kwake, unachukua, unauza, kisha unampa chake. Duka lililo peke yake halina msaada huo.

Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo wanapoumia, maana mauzo makubwa si faida kubwa. Mwenye jengo naye anawaona wale wateja. Anapandisha kodi ya fremu na kuidai ya miezi mingi kwa mkupuo. Anayekuachia nafasi naye anataka kilemba, yaani malipo ya kukupisha kwenye fremu. Tuseme Kariakoo unauza mashati 1,000 kwa mwezi, kila moja likikuachia shilingi 3,000: ni milioni 3. Ukilipa kodi milioni 2, unabaki na milioni 1. Mwenzako wa Mbagala, mbali na katikati ya jiji, anauza mashati 200 tu, lakini kila moja linamwachia 7,000, yaani milioni 1.4, akitoa kodi ya 150,000, amekupita. Hesabu hii ni ya mfano, ila kila mwenye duka anaweza kuifanya kwa takwimu zake kabla ya kumlipa dalali.

Kwa maoni yangu, kodi ya katikati ya mji inamfaa muuzaji wa jumla, ambaye wateja wake wanatoka mbali. Saluni au fundi cherehani anayetegemea watu wa mtaani kwake, akiilipa kodi hiyo, atakuwa anamfanyia kazi mwenye nyumba. Hata baadhi ya wauzaji wa jumla hukodi fremu ndogo ya kuonyeshea sampuli tu, mzigo wakauweka stoo pembezoni mwa jiji.