Vidole huishia ukurasa wa thelathini

Mimi ni fundi wa kufunga vitabu. Karakana yangu ni chumba kimoja Langoni, hapa Lamu, chenye meza, kibano cha mbao, sindano nene, uzi wa kitani na sufuria ya gundi. Nimeifanya kazi hii miaka ishirini na mitatu. Huletewa misahafu iliyoachana, madaftari ya maduka, vitabu vya shule vilivyopoteza majalada, na mara moja moja riwaya.

Kitabu kilichosomwa hujieleza chenyewe. Kabla sijagusa uzi wake, hukifumba nikautazama ule upande unakofunguliwa. Palipopita vidole pana rangi ya chai, pasipopita pangali peupe. Msahafu hufifia wote, na juzuu ya Amma kupita zote, maana ndiko watoto wanakoanzia. Kitabu cha shule hufifia penye maswali. Riwaya nyingi hufifia kurasa ishirini au thelathini za mwanzo, kisha ni weupe mtupu hadi jalada la nyuma.

Weupe huo umenisumbua miaka mingi. Mwenye kitabu akija kukichukua humuuliza taratibu kwa nini aliishia pale. Wengi hunijibu kuwa vitabu ni ghali, fundi, na maisha yamekuwa magumu. Ni kweli kwamba ni ghali. Tangu sheria ya kodi ya mwaka 2013 kitabu dukani kimebeba kodi ya ongezeko la thamani, VAT, juu ya bei yake. Lakini hiki alikuwa nacho mkononi, kimeshalipiwa. Pesa haikumzuia kufungua ukurasa wa thelathini na moja.

Ninavyoona mimi, wengi wetu tulifunzwa aina moja tu ya kusoma, nayo ni kusoma ili uulizwe. Mwalimu aliuliza, mtihani uliuliza, na asiyejibu aliaibika. Mtihani wa mwisho ukipita, mtu hufunga kitabu kama mtu anayeshusha mzigo begani. Akija kukishika tena akiwa mtu mzima, bado anasoma kwa hofu ile ile: asiruke neno, asisahau jina la mhusika, asianze kingine kabla ya kumaliza hiki. Akikwama, huona kosa ni lake, naye huacha.

Hakuna atakayekuuliza. Ruka maelezo marefu ukitaka. Anza na sura ya tatu kama ya kwanza imekuchosha. Kitabu kisichokupendeza mpe mwenzio, huenda kikamfaa, nawe ushike kingine. Na kile unachokipenda kirudie mara nne, mara tano. Kurudia ndiko hasa kunakofanya starehe hii iwe rahisi kwa mfuko. Kikombe cha kahawa kikinywewa kimekwisha. Kitabu kikisomwa na watu kumi bado kiko pale pale, kinataka uzi mpya tu.

Bibi yangu hakuzijua herufi hizi tunazoandikia leo. Alisoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kitabu alichokipenda zaidi kilikuwa nakala ya utenzi wa Mwana Kupona, ule ambao mama huyo mshairi alimtungia binti yake mwaka 1858. Hakuusoma kimya hata siku moja. Aliuimba, akisimama penye kituo, na majirani waliokuja kukaa nasi walikuwa wakisoma pamoja naye ingawa macho yao yalikuwa kwenye kofia walizokuwa wakishona. Nakala moja, wasomaji sita au saba.

Visiwa hivi vilizoea hivyo. Siyu, kule kisiwa cha Pate, ulikuwa mji wa wanazuoni na wanakili wa misahafu, na mafundi wake wa ngozi na wa majalada walisifika pwani nzima. Nikishika kazi yao huona haya kuiita yangu ufundi. Kitabu kilichonakiliwa kwa mkono kilichukua miezi, na wachache ndio walioweza kukimiliki. Lakini waliokisikia walikuwa wengi, kwa kuwa kilisomwa kwa sauti, kikaazimwa, kikanakiliwa tena. Tunapodhani kwamba msomaji ni mtu mmoja na kitabu chake, peke yake, kimya, tunajiongezea gharama ambayo wazee wetu hawakuwa nayo.

Kwa hiyo namshauri kila anayeniuliza asome kwa sauti, hasa mwanzoni. Sauti huzuia macho kukimbia. Mazungumzo ya wahusika hupata uhai, na sentensi mbovu hujulikana papo hapo. Ukurasa wa riwaya ya kawaida husomwa kwa sauti kwa dakika mbili hivi, kwa hiyo kurasa kumi ni dakika ishirini. Sisi huku karibu na ikweta tumepewa muda ambao haubadiliki sana mwaka mzima: baina ya magharibi na isha pana saa moja na zaidi kidogo. Toa dakika ishirini tu humo. Kitabu cha kurasa 120 kitakwisha siku ya kumi na mbili, na kwa mwaka utakuwa umepita kurasa 3,650. Hesabu hii nimeiandika ukutani karakana, na nimeona watu wakiitazama wakinyamaza.

Vitabu vyenyewe havihitaji duka. Ndani ya Ngome yetu, iliyokamilika mwaka 1821 na kutumika kama jela hadi 1984, kuna maktaba, na nashangaa ni watu wangapi wanaopita uwanja wa Mkunguni, mbele yake, kila siku bila kupanda ngazi zile. Jirani zetu wa Garissa walianza kupelekewa vitabu kwa ngamia mwaka 1996 na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Sisi wa mjini twavifikia kwa miguu. Ustadh Mahmoud Mau, mshairi wetu ambaye pia amewahi kuwa mwoka mikate, amejikusanyia maktaba nzima nyumbani kwake. Nikitaka kumwonyesha kijana kwamba vitabu si mali ya wenye ofisi tu, humtajia yeye.

Ukinunua cha mtumba, tazama mgongo kabla ya jalada. Kishike wima ukichungulie kutoka juu. Ukiona mikunjo midogo iliyopangwa kama vijitabu vilivyobanana, kimeshonwa, na kila kijitabu kina uzi katikati yake. Hicho kitavumilia. Ukiona ukingo umenyooka kama umekatwa kwa kisu, kurasa zimeshikwa na gundi peke yake, na gundi hiyo kwa joto letu hukauka, ikapasuka, kurasa zikatoka moja moja. Si sababu ya kukiacha, ila shusha bei. Rangi ya manjano isikutishe. Karatasi rahisi hutengenezwa kwa mti uliosagwa, na mti huo una kitu kinachogeuka rangi kwa mwanga na hewa. Lakini kona ikikatika kwa kupindwa kidogo tu, kitabu hicho kimezeeka mno.

Mwenye simu ana njia nyingine. Wavuti wa African Storybook, uliozinduliwa mwaka 2014 chini ya shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi za watoto za bure katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake inaruhusu kuzichapa. Mimi huzichapa. Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati na kuingizwa moja ndani ya nyingine hutoa kurasa kumi na sita. Kwenye mkunjo toboa mashimo matatu kwa sindano, la katikati, la juu na la chini. Ingiza uzi kutokea ndani kwenye tundu la katikati, utokee nje. Upandishe, uingie ndani kwa tundu la juu. Humo ndani ushuke moja kwa moja, upite la katikati bila kuingia, utokee nje kwa la chini, kisha urudi ndani kwa la katikati. Sasa ncha mbili zimekutana, na ule uzi mrefu umepita baina yao. Funga fundo juu yake. Basi, ni kitabu. Mtoto aliyekishona mwenyewe hakitupi, na sijaona hata kimoja cha aina hii kikirudi kwangu kikiwa cheupe nusu.

Hewa yetu ya bahari ni adui wa karatasi, na hapa nitakaa kidogo, kwani vingi vinavyonifikia vimeharibiwa na mapenzi ya wenyewe. Kosa la kwanza ni seloteip. Plastiki yake huanguka baada ya miaka michache, gundi ikabaki, ikageuka kahawia na kuingia ndani ya karatasi, na mimi siwezi tena kuitoa bila kuchubua maandishi. Tumia gundi ya unga: kijiko kimoja cha unga wa ngano kwa vitano vya maji, koroga ikiwa baridi mpaka madonge yaishe, kisha weka moto mdogo bila kuacha kukoroga hadi iwe nzito na ianze kung'aa. Ipoe. Palipochanika paka nyembamba sana, weka juu kipande cha karatasi laini, funika kwa karatasi kavu, na kiwekee kitabu jiwe juu mpaka asubuhi. Nasema nyembamba kwa sababu wadudu nao wanaupenda unga. Haikai zaidi ya siku mbili au tatu kwa joto hili, ikichacha, itupe.

Kosa la pili ni ukuta. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu, na wakati wa masika kitabu kilichoegemezwa ukutani huota ukungu kwa mgongo. Acha nafasi ya kiganja. Zidaka, yale mashubaka ya ukutani, ni nzuri kwa macho, lakini mvua zikianza toa vitabu humo. Usivifungie katika mfuko wa nailoni kabatini, unyevu utabaki nao humo humo. Siku ya upepo vifungue kivulini vipunge hewa. Jua kali hupausha wino.

Kimeingia wadudu? Hapo ndipo nailoni inafaa. Kifunge kabisa, kiweke kwenye friza wiki nzima, kisha kitoe na ukiache kikiwa kimefungwa vile vile mpaka kipate joto la chumba, la sivyo maji yatatona juu ya karatasi baridi.

Miaka sita iliyopita nilikishona upya kitabu cha hadithi fupi ambacho mwenyewe hakurudi kukichukua. Nilibandika karatasi tupu ndani ya jalada la nyuma, nikaandika juu yake: anayemaliza, au anayechoka, aandike jina na ukurasa alioishia, kisha ampe mwingine. Nikampa kijana wa mashua aliyekuwa akingojea abiria. Hata msomaji wa ukurasa wa tisa ana haki ya kujiandikisha, na hilo nililisisitiza.

Kimerudi kwangu mara tatu. Mara ya kwanza uzi ulikuwa umekatika, ya pili kilikuwa kimelowa maji ya chumvi kuanzia ukurasa wa sitini na moja, nikalazimika kukisuuza kwa maji baridi na kukianika karatasi moja moja. Wiki iliyopita kililetwa na mama mmoja wa mtaa wa Mkomani akitaka jalada jipya. Niliusoma ule ukurasa wa nyuma kabla ya kuanza kazi. Majina ni kumi na manne. Watatu waliishia njiani, mmoja wao ukurasa wa tisa kweli. Jina la kijana wa mashua limeandikwa mara mbili, kwa tofauti ya miaka minne, na mara zote mbili mbele yake pana neno "mwisho". Nilikifumba nikautazama ukingo. Una rangi ya chai kutoka jalada hadi jalada.

Mama yule ataka jalada la kitambaa, la buluu. Gundi iko motoni.