Analala Nami, Ananyonya Usiku Kucha: Nitamzoeshaje Kulala Mwenyewe?

Majibu haya yanamhusu mtoto mwenye afya, aliyetimiza miezi 6 na ambaye uzito wake unapanda vizuri kwenye kadi ya kliniki. Aliye chini ya hapo bado anahitaji kunyonya usiku, na hakuna cha kumzoesha.

Mwanangu ana miezi tisa. Tumelala kitanda kimoja tangu azaliwe. Nimemdekeza?

Hapana. Wengi wetu tumekua hivyo, na ukaribu huo una faida: mtoto hunyonya bila mama kuinuka, na prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, huwa juu zaidi usiku. Suala ni usalama, hasa miezi ya mwanzo. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wake wa 2022, kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi lakini kwenye kitanda chake, angalau kwa miezi 6 ya kwanza. Hatari ya kulala naye kitandani huongezeka akiwa alizaliwa njiti, au pale mmoja wenu anapovuta sigara, amekunywa pombe au ametumia dawa inayoleta usingizi. Kusinzia naye kwenye kochi ni hatari zaidi kuliko kitandani.

Basi usimhamishe kwa sababu ya aibu ya maneno ya watu. Mhamishe kwa sababu umechoka, au kitanda kimekuwa kidogo, au unataka tu. Hizo ni sababu tosha.

Kwa nini anaamka kila baada ya saa moja na hataki kitu ila ziwa?

Usingizi wa mtoto wa umri huu huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 50 hadi 60. Mwisho wa kila mzunguko huibuka karibu na kuamka. Hata wewe unaibuka hivyo, unajigeuza upande wa pili na kuendelea, asubuhi hukumbuki. Mtoto aliyesinzia ziwa likiwa mdomoni akiibuka halipo, anashangaa limekwenda wapi, na anaita. Mara nyingi si njaa.

Ndiyo maana kumhamishia kitanda kipya peke yake hakusaidii: ataamka vilevile, ila sasa utakuwa unainuka. Kitanda kije baadaye. La kwanza ni kutenganisha kunyonya na kusinzia, na mambo hayo mawili usiyaanze wiki moja.

Nianzie wapi?

Kwenye usingizi wa kwanza wa jioni, kabla wewe mwenyewe hujaishiwa nguvu. Fuata mpangilio uleule kila siku: kuoga, kupakwa mafuta, nguo za kulalia, ziwa, halafu wimbo. Ziwa lisiwe la mwisho. Mnyonyeshe umekaa, taa inawaka, ikiwezekana mbali na kitanda.

Sasa mtazame mdomo. Mwanzoni anavuta na kumeza, unasikia. Baadaye kumeza kunakoma, vidole vinalegea, anabaki kuchezea chuchu tu. Hapo ingiza kidole chako kidogo, kiwe safi, pembeni mwa mdomo wake ili mvuto uachie, toa ziwa, kisha mshike kidevu taratibu kwa sekunde chache. Akilitafuta kwa kulia, mpe, halafu rudia. Siku za mwanzo utarudia mpaka mgongo uume. Mlaze akiwa amelegea lakini macho bado yanafunguka, weka mkono kifuani, mpigepige pajani polepole. Akishazoea, acha kupigapiga, ubaki mkono tu. Baadaye ubaki umekaa kando.

Usiku wa manane akigunaguna, subiri kidogo kabla ya kumnyanyua. Watoto hulialia na kujinyonganyonga wakiwa bado usingizini, na mara nyingi anayewaamsha ni sisi.

Baba ana nafasi kubwa hapa, pengine kuliko anavyodhani. Kwako mtoto anasikia harufu ya maziwa na anakumbuka kazi yake. Akibembelezwa na baba, au bibi, atalia, ndiyo, lakini analia mikononi mwa mtu anayempenda na asiye na ziwa la kumpa.

Tunaishi chumba kimoja cha kupanga. Atalala mwenyewe wapi?

Kulala mwenyewe si kuwa na chumba chake. Kitanda kidogo kando ya chenu kinatosha, au godoro gumu sakafuni. Shuka libane vizuri. Mto, blanketi zito na kanga za ziada zisiwepo. Mlaze chali. Akijigeuza mwenyewe baadaye, mwache.

Kitu kinachosahaulika ni chandarua. Mtoto akihamia godoro lake, chandarua cha kitanda chenu hakimfikii tena, na malaria haijali kwamba mnamfundisha usingizi. Apate cha kwake chenye dawa, kichomekwe chini ya godoro pande zote, na kifungwe juu vizuri kisije kikamwangukia usoni. Njombe au Limuru mwongeze nguo mwilini badala ya kumfunika mablanketi. Dar es Salaam au Mombasa nguo moja nyepesi inatosha. Ukigusa shingo ukakuta jasho, punguza.

Nimwache tu alie mpaka achoke?

Utafiti mdogo wa Australia uliochapishwa 2016, wenye watoto 43 wa miezi 6 hadi 16, ulipima njia ya kumwacha mtoto alie kwa vipindi vinavyoongezwa kidogokidogo. Walisinzia haraka zaidi, na mwaka mmoja baadaye haikuonekana tofauti katika uhusiano wao na wazazi. Kwa hiyo mzazi anayeichagua si katili. Lakini si lazima. Ukuta wa nyumba ya kupanga ukiwa mwembamba, na mtoto amezoea kuguswa mwili usiku kucha, mimi naona njia ya polepole inavumilika zaidi kwa kila mtu, majirani wakiwemo.

Mama mkwe anasema nimpe uji mzito, au Piriton kidogo.

Uji wa jioni mpe, kwa miezi tisa ni chakula chake. Usitegemee tu kwamba utamlaza hadi asubuhi. Dawa, hapana kabisa. Dawa za mafua zinazosinzisha zinaweza kupunguza upumuaji wa mtoto mdogo, na si za kumlazia.

Nisianze lini?

Akiwa mgonjwa, mkiwa safarini, au wiki unayorudi kazini. Na ukiona homa, anakataa kunyonya, anapumua haraka, ana degedege au amelegea kupita kawaida, hilo si suala la usingizi. Nenda kituo cha afya usiku huohuo.

Nikipunguza ziwa la usiku, maziwa hayatakauka?

Ukipunguza zamu moja ya kunyonya, ukakaa siku kadhaa, ndipo ukapunguza nyingine, mwili hujirekebisha na mchana maziwa yanaendelea kutoka. Ukikata ghafla matiti yatajaa na kuuma, na yanaweza kuvimba. Kamua kidogo upate nafuu tu. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha hadi miaka 2 na zaidi, na kulala mwenyewe hakuzuii hilo.

Jambo moja wengi hawaambiwi. Kunyonyesha huzuia mimba kwa uhakika pale tu mtoto yupo chini ya miezi 6, ananyonya maziwa ya mama peke yake mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Mwenye mtoto wa miezi tisa ameshatoka humo, na ziwa la usiku likipungua yai linaweza kupevuka hata kabla hujaona hedhi ya kwanza. Siku unayompeleka kupima uzito, ulizia na uzazi wa mpango palepale kliniki.